Injekta Iliyonyamaza Kitale

Gari ikiwa imezimwa, kila mtu ni fundi. Ngoja iwashwe! Ikianza kunguruma ndio unajua nani ni nani, na pale Kitale, kwa ile laini ya magereji ya mabati nyuma ya soko, gari ikinguruma vibaya watu walikuwa na jibu moja tu: peleka kwa Shafi Sikio.

Mwaka wa 2006 hiyo. Zile mashine za kuchomeka kwa gari zikakusomea ugonjwa zilikuwa Nairobi, labda Eldoret, na bei yake hata kuuliza ni aibu. Shafi alikuwa na bisibisi. Ndefu, mpini wa mbao, imeng'aa kwa kushikwa. Anaweka ncha juu ya injekta, anaweka mpini kwa shimo la sikio, anafunga macho kama mtu anaomba dua. Injekta ikifunguka kupulizia petroli ndani ya silinda inalia tik. Inafunga, inafunguka tena, tik. Gari ndogo kama Starlet iko nazo nne, na huyu mzee alikuwa anajua kila moja na tabia yake. Hii imechoka. Hii imekunywa petroli ya maji. Hii ni nzima kabisa, ni waya ndio muongo. Watu wanasimama kando wanashika mdomo. Wee! Huyu mtu ako na jini?

Sasa hilo sikio lilikuwa linaisha.

Halikuisha siku moja. La kulia lilianza polepole, kama redio mtu ameifunika na blanketi. Halafu blanketi mbili. Halafu ni kama redio wameondoka nayo. La kushoto lilibaki, lakini likaleta mlio wake, ng'iiii, kama posho mill ya kusaga unga iko mahali mbali na mwenyewe amesahau kuizima. Mchana ng'iiii. Ukila ng'iiii. Ukilala, hiyo hiyo.

Shafi hakuambia mtu. Angeambia nani? Fundi wa mguu mbovu bado ni fundi. Fundi wa jicho moja, watu watamzoea. Lakini Shafi Sikio bila sikio ni nani? Ni mzee tu amesimama kando ya gari za watu na bisibisi mkononi. Siku hiyo hiyo wateja wangehama, na yeye hakujua kazi ingine, wala hakuwa na nguvu ya kuanza kujua.

Kwa hivyo alificha, na kuficha nako ni kazi, bana! Kazi kuliko kushusha gearbox peke yako. Alisoma midomo ya watu. Wenzake wakicheka, alicheka. Adhana alikuwa anaijua kwa macho: Alwi, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, akifunika cherehani yake na kuvaa kofia, Shafi anajua imeshatoka, naye ananawa mafuta mikononi na kumfuata. Jioni anafika nyumbani amechoka, na si mikono imechoka. Uso ndio umechoka. Uso mzima, kwa kukaza.

Ndio siku moja Starlet nyeupe ikaingia gereji ikitetemeka.

Aliyeshuka ni Nabwile, daktari wa A.I., yule mama wa upande wa Mabanga anayezunguka Bungoma yote akipandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungi. Mtungi wenyewe, ule wa baridi unaotoa moshi mweupe, ulikuwa kwa buti ya gari umefungwa na kamba kama mgonjwa. Alikuwa amekuja Kitale kuujaza. Kwa kiti cha nyuma kuna gambuti zimekauka matope, na harufu ya zizi imejaa gari mpaka kwa usukani.

"Mzee, hii gari itaniua," alisema. "Ona vile inatetemeka, kama mtu wa malaria. Nikikanyaga mafuta inafikiria kwanza."

Shafi alikuwa anamwangalia mdomo. "Imeanza lini, daktari?"

"Tangu Malakisi. Petroli ilinikatikia huko, nikanunua ya mtungi kwa mtu wa kando ya barabara. Najua, najua, usiniangalie hivyo. Ungekuwa wewe ungesukuma?"

"Mimi sijasema kitu."

"Macho imesema."

Shafi akafungua boneti. Kitu cha kwanza alikifanya vizuri, na hiki hakihitaji masikio. Gari inanguruma, unachomoa soketi ya umeme ya injekta moja moja. Akachomoa ya kwanza, engine ikayumba, akaisikia kwa kiganja alichoweka juu ya madgadi, lile bati la juu ya tairi. Akarudisha. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, hakuna. Engine ikaendelea na kutetemeka kwake vile vile kama haijaibiwa chochote. Ya nne, ikayumba. Basi shida iko namba tatu. Akabadilisha plagi, shida ikabaki pale pale. Injekta, ama umeme wake.

Hapo ndio bisibisi inaingia. Ikiwa injekta inalia tik vizuri lakini silinda haifanyi kazi, imeziba na uchafu, ioshe. Ikiwa imenyamaza kabisa, imekufa, nunua ingine. Na kuna ya tatu, hii ndio ilikuwa imempa Shafi jina lake: unatingisha waya polepole ukiwa unasikiza, na ukipata tik moja hapa, mbili pale, halafu kimya, injekta haina makosa. Ni waya umekatika ndani. Hizo tik mbili hazitoshi engine kutulia, macho hayazioni, mkono hauzijui. Sikio tu.

Shafi akaweka ncha kwa namba tatu na mpini kwa sikio la kulia. Kimya. Akahamisha sikio la kushoto. Ng'iiii. Akatingisha waya. Ng'iiii.

Sasa ona. Kando tu pale, upana wa mkono, kulikuwa na namba moja, nzima, inapiga kazi. Angehamisha bisibisi hapo angejua mara moja kama aliyenyamaza ni injekta ama ni yeye. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Mkono ulianza hata kwenda. Halafu ukarudi. Aliogopa, bana. Aliogopa kuweka bisibisi kwa injekta nzima na kukuta kimya huko pia.

"Namba tatu imekufa," akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Nenda kwa Kiptanui wa spea, mwambie ni Shafi amekutuma, akupe ya engine kama hii. Angalia rangi ya kichwa ifanane na hii, asikupe tu yenye inaingia. Yenye inaingia si lazima iwe yako."

Huyo mama akaenda, akarudi nayo. Shafi akafanya kazi safi, hiyo lazima niseme. Alitoa presha ya petroli kwanza ndio isimrukie mtu. Akafungua bomba linalolisha injekta zote, akaziinua, akazipanga juu ya kitambaa. Zile tatu nzima aliziosha akitumia dawa ya kupuliza na betri, akabadilisha vichujio vyao vidogo kama kofia za wadudu. Mipira ya kuzuia kuvuja akaweka mipya yote, akaipaka oili kidogo isijikunje ikiingia. Ile mpya akaikalisha mahali pake, akasukuma soketi mpaka ikashika, tap.

Gari ikawashwa. Ikatulia. Yaani ilitulia, ungeweka chai juu ya boneti!

"Shafi Sikio!" Nabwile akapiga makofi. "Bado uko! Watu wanadanganya ati umezeeka."

Kama kawaida, Shafi akatabasamu. Starlet ikatoka ikashika njia ya Kiminini, naye akakaa juu ya tairi kuukuu kupumua.

Jua lilikuwa linashuka. Ile injekta ya zamani ilikuwa bado pale kwa kitambaa. Fundi hawezi kuacha kitu bila kukishika shika, ni ugonjwa wao wote. Akaichukua, akaigusisha na nyaya mbili za betri, hivi tu, bila kuwaza.

Ikaruka kwa kiganja chake.

Akagusa tena. Ikaruka tena, kitu kidogo, kama moyo wa kifaranga. Injekta ilikuwa nzima. Haikuwa imekufa saa hiyo, wala asubuhi, wala huko Malakisi. Ikiwa injekta ni nzima, basi muongo ni waya, na waya ameuacha ndani ya gari. Umeshikana tu kwa sababu aliutikisa akirudisha soketi. Ikipata barabara mbaya ya kutosha, utaachana tena.

Namba ya Nabwile alikuwa nayo. Simu ilikuwa mfukoni, hii ndogo ya tochi. Akaitoa. Akaiangalia. Lakini simu haina midomo ya kusoma, na atamwambia nini? Kwamba hakusikia? Akairudisha mfukoni. Labda utashika, akajiambia. Waya zingine hushika miaka. Alikuwa amechoka hata kujidanganya vizuri hakuweza.

Haukushika.

Asubuhi simu ililia wakati wa chai. Mke wake, Fardosa, ndiye aliyeichukua, kwa sababu siku hizi ni yeye huchukua. Akasikiza, akasema eh, akasema pole, akasema eh tena. Akaikata.

"Ni yule daktari wa ng'ombe. Gari ilianza kukohoa Kamukuywa, ikajikokota na silinda tatu mpaka Bungoma, imelala huko. Iko kwa fundi mmoja anaitwa Wangila."

"Wangila gani?"

"Sasa mimi nitajua Wangila wote wa Bungoma? Anasema huyo Wangila akisikia imetoka kwako, amecheka mpaka ameketi chini."

Ah. Wangila huyo.

Shafi akaweka kikombe. "Nitaenda."

"Tuma mtu, Baba Ladan. Wewe umechoka."

"Nimechoka, lakini nitaenda."

"Unachoka na nini?" Fardosa akaja mbele yake, mahali ataonekana. "Si nakuuliza? Mwaka huu wote hujanijibu swali mara ya kwanza hata siku moja. Ati 'nini', ati 'eh'. Mimi nimekukosea?"

"Hujanikosea, Mama Ladan."

"Basi ni nini?"

"Ni kazi," akasema, akachukua bisibisi yake, akatia ile injekta nzima mfukoni, akatoka.

Alipata lifti kwa lori la mahindi. Dereva, Festus, alikuwa mtu wa mdomo, alianza hadithi kabla watoke mjini. Sikio la Shafi lililokuwa upande wake ni la kulia, kwa hivyo alikuwa anaitikia kwa kukisia: hapa kichwa, hapa eh, hapa cheka kidogo. Karibu na Chwele akacheka, Festus akageuka akamwangalia kwa muda mrefu kuliko dereva wa lori anavyofaa kuangalia kitu kisicho barabara. Kumbe alikuwa anaelezea vile ndugu yake alikatwa na mashine ya kukoboa. Baada ya hapo wakanyamaza wote wawili. Shafi hata alifurahi. Akaegemea dirisha akafunga macho, na ng'iiii ikamsindikiza mpaka Bungoma.

Gereji ya Wangila ilikuwa upande wa reli. Huyu Wangila aliwahi kufanya kazi chini ya Shafi, Kitale, kitambo. Walikosana. Siku moja mbele ya wateja Shafi alimnyang'anya bisibisi akamwambia, "Wewe masikio yako ni ya kushikilia kofia tu." Watu wakacheka wiki nzima. Wangila akafunga spana zake kwa gunia akarudi kwao, akaanzisha yake. Sasa alikuwa amesimama kwa mlango wa gereji na ovaroli safi, mikono kiunoni, mafundi wake nyuma yake. Na Starlet nyeupe katikati, boneti wazi, kama maiti inangoja wenyewe.

"Mwalimu!" Wangila akapiga kelele, hiyo hata Shafi aliisikia. "Karibu Bungoma! Tumekungojea. Hatujagusa gari yako hata kidogo. Sisi hapa tutajua nini?"

"Sasa, Wangila."

"Poa sana, mwalimu. Leo ni poa sana."

Nabwile alikuwa ameketi kwa debe, simu sikioni, mkono mwingine kwa paji la uso. "Mzee Jotham, nakusikia... Nimesema nimesikia, analia tangu asubuhi. Nipe muda... Mzee, usimfungulie ndume ya jirani! Hiyo ndume ni kama mbuzi, utapata ndama wa kukuchekesha. Ngoja mimi." Akakata. Akamwangalia Shafi. "Ng'ombe yuko Tongaren, joto limemshika. Ikifika jioni limepita, tungoje ingine wiki tatu. Na huyo mzee alikuwa ameniamini. Mzee Shafi, si ulisema imekufa? Si tulizika ingine tukaweka mpya? Sasa hii mpya pia imekufa?"

"Nipe niangalie, daktari."

"Angalia haraka."

Shafi akaiwasha. Ikatetemeka. Akachomoa soketi ya tatu, hakuna mabadiliko. Ile ile. Alijua shida ni waya, alikuja akijua. Lakini waya uko wapi umekatika? Hapo ndio penye kazi. Kutoka kwa soketi ya injekta unaingia kwa fungu la nyaya zingine nyingi, zimevishwa tepu nyeusi pamoja kama nywele zimesukwa, linapita chini, linapanda karibu na betri, linapotelea ukutani kwenda kwa kompyuta ya gari. Kufungua tepu yote na kukagua ni kazi ya kutwa nzima. Njia fupi ni moja: tingisha mahali padogo padogo, sikiza. Mahali tik itatokea, kata hapo.

"Ngojeni!" Wangila akainua mkono. "Zima grainda hiyo! Wewe na nyundo, wacha! Mzee anataka kusikia. Nyamazeni wote mjifunze."

Gereji yote ikanyamaza. Hata wale wa kununua tairi za mtumba wakasogea. Shafi hakusikia hicho kimya, alikiona. Mikono imesimama, midomo imefungwa, macho yote kwake.

Akaweka ncha, akaweka mpini, akafunga macho.

Ng'iiii.

Akatingisha waya karibu na soketi. Ng'iiii. Akasogea kidogo. Ng'iiii. Jasho likashuka mpaka kwa ndevu. Alijaribu kuweka kidole juu ya injekta badala ya bisibisi, lakini engine nzima ilikuwa inatetemeka na kidole nacho kikatetemeka tu, hakikujua tik wala nini. Akafungua macho. Wangila alikuwa anatabasamu, si tabasamu mbaya sana, ya mtu anayesubiri kuonyeshwa kitu tena.

Angeweza kusema, "Ni soketi." Kukata soketi, kufunga ingine, kuomba Mungu. Neno lilikuwa tayari kwa ulimi. Kama ni soketi, jina limepona. Kama sio, Starlet itafika labda Webuye, labda Naitiri, na huyu mama atakaa kando ya barabara na mtungi wake ukitoa moshi, na huko mbele mzee na ng'ombe wake wanangoja. Na yeye Shafi atakuwa nyumbani, simu mfukoni, akijiambia labda itashika.

Nabwile akasogea. "Mzee. Unasikia?"

Aliona hayo maneno kwa midomo yake. Na kitu kikalegea ndani ya Shafi, si ushujaa, msinidanganye ati ushujaa. Ni uchovu tu. Uso ulikataa kukaza tena.

"Hapana," akasema. "Sisikii."

"Injekta haipigi?" Wangila akauliza.

"Ya injekta sijui. Mimi ndio sisikii." Na kwa sababu hakujua sauti yake iko juu ama chini, alisema kwa nguvu, wa tairi wakasikia, wa ng'ambo ya reli labda wakasikia. "Masikio yangu yamekwisha, Wangila. Hili halina kitu. Hili lina posho mill. Jana nilisema injekta imekufa na haikuwa imekufa, ni mimi sikuisikia. Shika."

Akamnyoshea bisibisi.

Wangila hakuishika mara moja. Aliangalia wenzake, kuona kama kuna mtu anacheka. Hakuna aliyecheka. Kicheko kilikuwa kimekosa pa kukaa.

"Mwalimu, unanichezea."

"Ningekuchezea nikiwa Kitale kwangu, nimekaa. Nimekuja na lori. Shika, sikiza namba tatu. Mimi nitatingisha waya, najua unapita wapi. Ukisikia tik, usiniambie, sitasikia. Inua kidole."

"Kidole?"

"Kidole. Kwani hauna?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka sasa, na Wangila naye karibu acheke. Akashika bisibisi. Akainama, akaweka sikio.

Shafi akaingiza mikono. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia kama mtu anavyojua choo cha kwake gizani. Karibu na soketi: akamwangalia Wangila. Kidole chini. Akashuka mahali fungu linajikunja: chini. Chini ya bomba la hewa: chini. Wangila alikuwa amefunga macho, kama alivyofundishwa. Akapanda upande wa betri, mahali fungu linafungwa kwa kipande cha bati lisicheze. Akapinda kidogo, kidogo tu.

Kidole kikainuka.

Kikashuka. Akapinda tena. Kikainuka, kikainuka mara mbili haraka haraka, kikashuka.

"Hapo!" Wangila akaruka, akagonga kichwa kwa boneti. "Hapo mzee! Hapo hapo, inapiga! Usitoe mkono!"

Shafi hakuhitaji kusikia hiyo, uso mzima wa Wangila ulikuwa unapiga kelele. "Lete kisu," akasema.

Wakapasua tepu. Ndani yake, pale bati lilipokuwa limesugua miaka na miaka kila gari ikiruka shimo, ganda la waya mmoja lilikuwa limekwisha, na shaba imeoza kijani. Nyuzi zote zimekatika, kumebaki moja nyembamba kama unywele, inagusa, inaacha, inagusa, inaacha. Petroli ya Malakisi ya watu haikuwa na dhambi hata.

Walikata palipooza, wakaunga kipande kipya, Wangila akayeyusha risasi juu yake kwa chuma cha moto, Shafi akavisha tepu mara nyingi kuliko inavyohitajika na kusogeza lile bati lisiguse tena. Walifanya bila kuongea. Walikuwa wanafanyaga hivyo Kitale.

Starlet ikawaka, ikatulia.

Nabwile hakupiga makofi leo. Alikuwa anamwangalia Shafi, akasimama mbele yake vizuri, akasema polepole ili aone, "Kwa hivyo ile ya kwanza, ile ulitoa, ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima." Akaitoa mfukoni akampa. "Weka kwa gari. Siku moja ingine itakufa kweli."

"Na ulijua lini?"

Shafi angeweza kudanganya, kusema ni leo. "Jana jioni. Hata haujafika mbali."

"Jana jioni!" Sauti ikapanda, mishipa ya shingo ikasimama. "Na namba yangu unayo! Nimejikokota usiku na njaa kutoka Kamukuywa mpaka hapa! Mzee, mimi ni mama na watoto nyumbani, unaniacha na barabara ile..." Simu ikalia mkononi mwake. Akaiangalia. Mzee Jotham tena. Hasira ikabaki imesimama usoni bila mahali pa kwenda. "Nakuja, mzee. Niko njiani. Nimesema niko njiani, shikilia kamba ya huyo ndume." Akafungua mlango wa gari. Akasimama. "Hatujamaliza sisi wawili," akamwambia Shafi. "Na uende hospitali. Hata ng'ombe ikikosa kusikia wanaleta kwangu niangalie."

Akaondoka, vumbi likafuata.

Wale wa tairi wakatawanyika, na Shafi akaona vile walivyokuwa wanaenda, wawili wawili, vichwa karibu karibu. Hiyo habari ingefika Kitale kabla yake. Ingekunywa chai kwa hoteli za stendi, ingepita kwa Kiptanui, ingengoja nje ya gereji yake kesho asubuhi. Alitafuta ndani yake ile hofu, ile kubwa aliyokuwa anaibeba, na akakuta iko, lakini imeketi chini. Akaketi kwa lile debe la Nabwile.

Mtu akaleta chai. Shafi akainywa ikiwa moto hivyo hivyo.

Baadaye kidogo akahisi mtu nyuma yake, upande wa kulia. Kivuli kilikuwa kinarusha mikono. Akageuka: Wangila, ameinama, anaongea kwa kasi, amekunja uso, kidole kinachoma hewa. Shafi aliona "kofia" kwa midomo. Akaona "mbele ya watu." Mtu huyu alikuwa amebeba hayo maneno kutoka Kitale miaka yote, na sasa alikuwa anayamwaga kwa sikio lisilokuwa na kitu.

Ingekuwa rahisi kumwacha. Kuitikia kichwa, eh, eh, kama kwa Festus.

"Wangila," akasema. Akashika debe, akalizungusha, akapiga kiganja hewa ya upande wa kushoto. "Sikio hilo limefunga kazi. Kama ni kunitukana, njoo huku. Na uanze mwanzo, sijapata kitu."

Wangila akanyoosha mgongo. Halafu akavuta tairi, akaja upande wa kushoto, akaketi karibu kabisa. Akavuta pumzi. Akaanza mwanzo.